Anayebaki Kilimani: Kiswahili na Deni la Mtunzaji wa Fort Ternan

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wahenga, na methali hiyo hutajwa aghalabu kwa kumsifu mgeni na baraka anazokuja nazo. Ni nadra mtu kuuliza mwenyeji hubaki na nini mgeni akishafunga mizigo yake. Swali hilo lina uzito wa pekee huko Fort Ternan, mahali padogo katika Kaunti ya Kericho, ambapo nchi ya majani chai huanza kuteremka kuelekea mashamba ya miwa ya Muhoroni na hatimaye Ziwa Viktoria. Kwa zaidi ya miaka sitini, wageni mashuhuri wa Fort Ternan wamekuwa wataalamu wa visukuku. Walikuja, wakachimba, wakapima, wakaandika, wakaenda zao. Kila walipoondoka, kilima kilibaki. Na kilima chenye hazina ya namna hiyo hakiwezi kubaki salama pasipo mtu wa kubaki nacho.

Makala haya yanamhusu mtu huyo anayebaki, na hasa maisha yake katika miezi ya baridi na mvua ambapo hakuna mgeni anayepanda mlima. Hayamlengi mtu fulani kwa jina. Yanaizungumzia kazi yenyewe, kama inavyotendwa Fort Ternan na katika maeneo mengine ya kale yaliyo mbali na miji. Yanadai kwamba kumwita mtu huyo mlinzi tu, na kuishia hapo, ni kosa la lugha linalozaa kosa la haki. Yanadai pia kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanayo zana ya kulirekebisha kosa hilo, ila hawajaitumia vya kutosha.

Ni vyema kwanza kueleza kinacholindwa. Mnamo mwaka 1959 mkulima mlowezi aliyeitwa Fred Wicker aliona mifupa iliyogeuka mawe katika shamba lake la Fort Ternan, akamfikishia habari Louis Leakey, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Coryndon jijini Nairobi. Wakati huo Leakey alikuwa ameshughulishwa na Olduvai, Tanganyika, ambako mkewe, Mary Leakey, alivumbua fuvu maarufu la Zinjanthropus mwezi Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo uchimbaji wa Fort Ternan ulingoja hadi mwaka 1961. Vipande vya taya na meno vilivyopatikana vikatangazwa mwaka 1962 kuwa vya kiumbe kipya katika elimu, Kenyapithecus wickeri, na umri wake ukakadiriwa kuwa miaka milioni 14. Mifupa hiyo ilihifadhiwa na majivu na miamba ya volkeno ya kale ya Tinderet, ambayo mabaki yake ndiyo milima inayoonekana kaskazini ya mahali hapo hadi leo.

Kilichofuata ni mlolongo wa mijadala. Katika miaka ya 1960 baadhi ya wataalamu walimweka Kenyapithecus katika kundi moja na Ramapithecus wa Bara Hindi, wakamdhania kuwa mzazi wa kwanza wa ukoo wa binadamu. Dhana hiyo ilianguka baadaye, na sasa kiumbe huyo huhesabiwa miongoni mwa masokwe wa kale. Mwaka 1968 Leakey alidai kwamba kipande cha jiwe la volkeno kilichopatikana pale kilikuwa kimetumiwa kuvunjia mifupa. Wengi hawakukubaliana naye. Mwaka 1990 Gregory Retallack na wenzake wakaeleza habari za udongo wa kale na visukuku vya nyasi vya Fort Ternan, wakaona hapo dalili za mbuga ya zamani. Mwaka uliofuata Thure Cerling na wenzake wakaichunguza kaboni iliyohifadhiwa katika udongo huo na kuuliza upya kama kweli palikuwa mbuga au palikuwa pori la miti.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba ugomvi huo wa wanasayansi haumhusu. Lakini na atazame jambo moja. Mnamo 1961 lililoulizwa ni swali la taya na meno. Miaka michache baadaye likaja swali la jiwe. Mnamo 1990 na 1991 lilikuwa swali la udongo na majani, vitu ambavyo mchimbaji wa kwanza angeweza kuvitupa pembeni kama kifusi. Kila kizazi kilirudi kwenye mteremko ule ule na swali ambalo kizazi kilichotangulia hakikulijua. Kurudi huko kuliwezekana kwa sababu mteremko ulikuwa bado upo. Lau udongo ungalichotwa kwa ajili ya kujengea, au mawe yangalichimbuliwa na kila mpita njia mwenye udadisi, swali la 1990 lisingekuwa na mahali pa kuulizwa. Anayebaki kilimani, basi, halindi mifupa iliyokwisha kupatikana. Hiyo ilikwisha kupelekwa Nairobi kitambo. Analinda maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe katika msimu wake mgumu. Nchi za kaskazini ya dunia zina majira ya baridi yenye theluji, na mtu anayebaki peke yake katika kambi ya mlimani huko hufungiwa na theluji hiyo hadi majira yageuke. Fort Ternan haina theluji. Hata hivyo, ina kifungo chake. Mvua za masika huanza mwezi Machi, na katika nyanda hizi za magharibi hazikomi kwa ghafla kama zinavyokoma kwingine. Huendelea kudondoka hadi Juni, Julai na Agosti, zikichanganyika na baridi ya miezi hiyo. Asubuhi huweza kuwa nyeupe na tulivu. Kufikia alasiri, hewa yenye unyevu kutoka ziwani huwa imepanda milima, mawingu yamejikusanya, na ngurumo zimeanza. Nyanda za Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Wakulima wa chai huiogopa kwa kuwa hulichanachana jani changa katika dakika chache, na mwishoni mwa miaka ya 1960 majaribio yalifanywa ya kutumia ndege kuyatia mawingu dawa ili kuipunguza. Juu ya paa la mabati la kibanda cha mlinzi, mvua hiyo humnyima mtu hata sauti yake mwenyewe.

Barabara za udongo hugeuka tope. Gari la wageni haliji, na shule zilizokuwa zimeahidi kuwaleta wanafunzi huahirisha safari. Mtu wa kibandani hubaki na kabuti lake, viatu vyake vya mpira, tochi, jiko la kuni ambazo hazikaukii vizuri, na daftari la wageni ambalo kurasa zake hukaa wiki nyingi bila jina jipya. Chakula chake ni kile kile cha majirani: chai ya maziwa, ugali na mboga, na mursik kutoka katika kibuyu ikiwa ametoka nyumbani karibuni. Usiku huwa mrefu. Sauti ya redio humfanya ajione bado ni mmoja wa watu.

Lakini ni kosa kufikiri kwamba katika miezi hiyo hana kazi ila kungoja. Mvua ndiyo mchimbaji mkuu wa Fort Ternan. Hufanya bila kibali kile ambacho wataalamu hukifanya kwa kibali: huondoa udongo punje kwa punje na kufichua kilichofichwa. Ila haina daftari wala kipimo. Kinachofichuliwa leo alasiri huweza kusombwa hadi bondeni kesho alfajiri. Kwa hiyo kila mvua inapopusa, mtu wa kilimani hana budi kuuzunguka mteremko, macho chini, akitazama mahali maji yalipokata mfereji mpya, mahali ukingo ulipoporomoka, na mahali kitu chenye rangi tofauti na jiwe kilipochomoza. Akikiona, kazi yake ngumu kuliko zote huanza: kutokiokota.

Jambo hilo linastahili kufafanuliwa, kwa maana ndilo kiini cha elimu yenyewe. Jino la kale likiwa mahali pake huonyesha ni tabaka gani la udongo lililolihifadhi, lilikuwa jirani na mifupa gani, na lilikuja hapo kwa maji au lilianguka hapo hapo. Jino lile lile likitiwa mfukoni na kupelekwa ofisini na mtu mwenye nia njema kabisa huwa limepoteza sehemu kubwa ya habari yake. Ni kama neno lililokatwa kutoka katika sentensi na kuletwa darasani peke yake: huenda likajulikana ni nomino au kitenzi, lakini aliyelisema, aliyeambiwa na sababu ya kulisema havitajulikana tena. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba na kuondoa vitu vya kale pasipo kibali. Hata hivyo, sheria haiwezi kusimama mteremkoni saa kumi na mbili asubuhi. Anayesimama hapo ni mtu mmoja mwenye baridi, ambaye lazima ajue kwa nini asiguse, aweke alama pembeni, akumbuke, kisha aeleze.

Na ataeleza kwa lugha gani? Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na hapo ndipo pana upungufu. Fort Ternan iko mpakani mwa lugha. Wakipsigis na Wanandi wako milimani, Waluo wako kuelekea ziwani, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipitia hapo hapo na kuleta watu wa kila kabila na kila bara. Vibarua waliochukuliwa katika kambi za uchimbaji za Kenya walitoka sehemu nyingi vilevile. Ni vigumu kufikiria lugha nyingine ambayo ingewafaa wote katika ulaji, ugawaji wa kazi, utani na ugomvi wa kambini isipokuwa Kiswahili. Hata leo, mtoto wa shule anapofikishwa mahali pa kale na kuuliza mfupa ni nini na jiwe ni nini, jibu la kwanza analolisikia huwa la Kiswahili, kutoka kwa mtu ambaye hakuandaliwa maelezo yoyote kwa lugha hiyo. Taarifa za kitaalamu za Fort Ternan ziliandikwa kwa Kiingereza. Maelezo ya mteremkoni hutolewa kwa Kiswahili. Ya kwanza yako maktabani, ilhali ya pili hufa na msemaji wake.

Upungufu huo unaonekana hata katika msamiati. Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kaskazi na kusi, matlai na umande, vuli na masika. Ni maneno mazuri, na yote yanatazama bahari. Kipupwe nacho hufunzwa kama msimu wa ubaridi wa pwani, wenye pepo za kusi na jioni za kupendeza. Mtu wa Fort Ternan akiambiwa kwamba Julai ni kipupwe atakubali kwa adabu, kisha ataendelea kukausha soksi zake jikoni. Kamusi zina maneno ya baridi kali, kama vile sakitu na jalidi, lakini hayo hayana kazi katika vinywa vya watu wa nyanda za juu, kwa kuwa hakuna aliyewaletea. Kwa upande mwingine, jirani zake Wakalenjin wana mvua hata katika majina ya watu: Kiprop na Jerop ni waliozaliwa mvua ikinyesha. Lugha inayokwenda mlimani haina budi kusikiliza kabla ya kufundisha. Maneno ambayo mtu wa kilimani huyatumia kutofautisha mvua inayofichua na mvua inayosomba, au udongo unaoshika na udongo unaoteleza, ni istilahi zilizokwisha kufanya kazi. Hazihitaji kubuniwa na kamati. Zinahitaji kuandikwa.

Tuje sasa kwenye jina la kazi yenyewe. Mitaani Kenya mtu huyo huitwa askari au wochimani. Katika Kiswahili cha ofisi huitwa mlinzi. Kitenzi linda kina adui ndani yake: hulindwa kile ambacho mtu mwingine anakitaka. Mlinzi mwema, kwa maana hiyo, ni yule ambaye hakuna kilichotokea katika zamu yake. Asipotokea mwizi, basi hakufanya chochote ila kukaa. Ndiyo maana ni rahisi kumlipa kidogo na rahisi zaidi kumsahau. Kitenzi tunza kina mwelekeo tofauti. Hutunzwa mtoto, mgonjwa, shamba na ahadi. Mtunzaji huulizwa hali ya alichokabidhiwa, wala si idadi ya wezi aliowafukuza. Tena katika Kiswahili kutunza ni pia kumpa mtu zawadi kwa kazi njema, kama afanyiwavyo mwimbaji mbele ya hadhira yake; ndipo tunapopata tunzo na tuzo. Kitenzi hicho kimebeba uangalizi pamoja na malipo ya heshima.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno jingine, mngoja, kama katika mngoja mlango, yaani bawabu. Asili yake ni kitenzi ngoja. Pengine ndilo linalomwelea zaidi mtu wa Julai mlimani: angojaye mvua ipuse, angojaye wageni warudi, angojaye swali ambalo yeye mwenyewe hatalisikia likijibiwa. Haidaiwi hapa kwamba neno moja lifutwe na lingine lipachikwe. Inadaiwa kwamba mwanafunzi wa semantiki anapaswa kuona kilichofichwa na mazoea, na kwamba cheo cha mtunzaji kingemlazimu mwajiri yeyote aeleze ni nini hasa kinachotunzwa na kwa maarifa gani.

Majina yana nguvu pia katika elimu ya visukuku yenyewe. Fort Ternan ni jina la Trevor Ternan, ofisa wa kijeshi wa Kiingereza. Wickeri ni jina la mwenye shamba. Hata swala mmoja wa kale wa Fort Ternan aliitwa Kipsigicerus kwa heshima ya Wakipsigis, ingawa mtu anaweza kujiuliza ni watoto wangapi wa Kipkelion waliowahi kuambiwa hivyo. Waliotumia mikono yao kuchimba hawakusahaulika kabisa. Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi, alipewa heshima mwaka 1993 pale sokwe wa kale wa Kisiwa cha Rusinga alipoitwa Proconsul heseloni. Jenasi hiyo ilibadilishwa mwaka 2015 ikawa Ekembo, lakini heseloni imebaki. Kamoya Kimeu, aliyeanza kama kibarua wa akina Leakey huko Olduvai mwaka 1960, ndiye aliyeona mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya mvulana wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Aliwahi kusimamia maeneo ya kale ya nchi nzima kwa niaba ya Makumbusho ya Kitaifa, na alifariki mwaka 2022 akiwa amekwisha kutunukiwa shahada ya heshima na chuo kikuu cha Marekani.

Mifano hiyo miwili inatia moyo, ila ina mpaka. Wote wawili walitukuzwa kwa kuvumbua. Anayebaki kilimani havumbui. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba uvumbuzi wa mwingine utawezekana. Hakuna kiumbe cha kale kinachoitwa kwa jina la mtu aliyeacha kitu mahali pake.

Hali hiyo si ya Afrika Mashariki pekee. Juu ya mlima Ben Nevis huko Uskoti palikuwa na kituo cha hali ya hewa kuanzia mwaka 1883 hadi 1904. Watu waliishi humo wakati wote wa majira ya baridi, wakipima hewa kila saa, usiku na mchana, huku theluji ikiuzika mlango. Septemba mwaka 1894 kijana mmoja mwanasayansi, C. T. R. Wilson, alikaa pale majuma machache tu akishika nafasi ya wakazi. Aliona mwanga wa jua ukicheza juu ya mawingu, akarudi Cambridge kujaribu kuyatengeneza mawingu hayo katika chombo cha kioo, na chombo kilichotokana na jaribio hilo kikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Wilson alistahili. Lakini wakazi wa miaka 21 waliacha nao kitu, nacho ni madaftari. Katika karne hii watu wa kujitolea wameyanakili madaftari hayo ili yatumike kuchunguza tabia ya hewa ya zamani. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mkazi wa Ben Nevis alipewa daftari na kuambiwa kwamba anachokiona kila siku ni elimu. Mtu wa kilimani katika nchi zetu aghalabu hupewa rungu na tochi.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni kwamba masimulizi ya mlinzi si sayansi, kwa kuwa hakusomea. Ni kweli kwamba hayawezi kuchukua nafasi ya vipimo. Lakini Mukiri na Kimeu nao hawakupitia vyuo vikuu kabla ya macho yao kuaminiwa. Mtu aliyeutazama mteremko mmoja kwa misimu mingi ya mvua anajua ukingo upi umerudi nyuma na kwa kadiri gani, na mtaalamu anayekuja kwa majuma matatu hawezi kulijua hilo asipomuuliza.

La pili ni kwamba idara za Kiswahili zina kazi yake, nayo ni lugha na fasihi, si mifupa. Pingamizi hilo linasahau kwamba fasihi simulizi si ngano na vitendawili pekee. Masimulizi ya kazi ni sehemu yake: mabaharia, makuli wa reli, wachuma chai, wavuvi. Anayefanya utafiti wa nyimbo za jandoni hatakiwi kuwa tabibu. Vivyo hivyo anayerekodi habari za mtunzaji hatakiwi kuwa mtaalamu wa meno ya masokwe.

La tatu ndilo zito. Inawezekana kumpamba mtu maskini kwa maneno mazuri ili asidai haki yake. Kibanda kinachovuja si ushairi, na upweke wa Julai si falsafa kwa anayelazimika kuuvumilia. Onyo hilo linakubalika pasi na shaka. Sifa isiyofuatwa na koti la mvua, kuni kavu, mshahara unaofika kwa wakati na mtu wa kupokezana zamu ni dhihaka. Hata hivyo, kimya hakimsaidii mtu huyo pia. Anayedai malipo ya mlinzi hujibiwa kwamba hakuna kilichoibwa, kwa hiyo hakuna kazi iliyofanyika. Anayeweza kuonyesha daftari la misimu mitano, lenye tarehe za mvua ya mawe, mahali paliporomoka na vitu vilivyochomoza, amekwisha kuithibitisha kazi yake kwa maandishi. Lugha hapa si pambo la dai. Ni ushahidi wake.

Kinachopendekezwa si kikubwa. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vilivyo karibu na nyanda hizi, kama vile Kabianga, Maseno, Moi na Egerton, vichague eneo moja la kale kila mwaka na kuwapeleka wanachama wachache kurekodi masimulizi ya wanaolitunza na ya majirani wake. Zaidi ya Fort Ternan, Songhor na Koru haziko mbali. Safari hizo zifanywe pia katika miezi ya mvua, maana anayemtembelea mtunzaji wakati wa kiangazi pekee atapata nusu ya habari. Pili, maneno ya kazi yatakayokusanywa yapangwe katika orodha na kuchapishwa katika majarida ya vyama hivyo, yakiwa na maelezo ya nani aliyatumia na kwa maana gani. Tatu, yaandikwe maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu lakini chepesi ya kila eneo, ili mtunzaji awe na kitu cha kumkabidhi mwalimu na mtoto. Nne, na hili ni la adabu, kila kinachorekodiwa kirudishwe kwa aliyekisema, kikiwa na jina lake iwapo ameridhia. Mtafiti wa lugha anayechukua maneno na kutokomea hana tofauti na anayechukua jino na kulitia mfukoni.

Katiba ya mwaka 2010 iliongezea Kiswahili hadhi ya lugha rasmi juu ya ile ya lugha ya taifa. UNESCO nayo iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu mwaka 2022 siku hiyo huadhimishwa kwa mihadhara, mashairi na ngoma. Tarehe hiyo huangukia katikati ya baridi ya nyanda za juu. Wakati wasemaji wanapopokezana kipaza sauti katika kumbi zenye joto, mvua ya alasiri huenda inaanza kupiga mabati ya kibanda kilicho mbali na lami. Asubuhi yake mtu atatoka na viatu vyake vya mpira, ataizunguka miteremko, ataona kitu cheupe kimechomoza ukingoni, na ataacha kukiokota. Ataeleza alichokiona kwa Kiswahili, iwapo kuna atakayefika kumuuliza.